Mshahara Usiotosha Humgharimu Mwajiri Pia

Katika jimbo la Odisha, India, watafiti wanne wa uchumi waliwapa watu wa kipato cha chini kazi ya muda ya kushona sahani za majani, kwa malipo ya kila sahani. Kiwango kilikuwa kimoja kwa wote. Tofauti ilikuwa siku ya kulipwa: baadhi walipewa mapema sehemu ya fedha walizokwisha kuzifanyia kazi, wengine wakasubiri mwisho wa mkataba. Waliopokea mapema walilipa madeni, wakanunua mahitaji ya nyumbani. Waliporudi kazini walishona sahani nyingi kuliko wenzao, tena kwa makosa machache, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa maskini zaidi.

Malipo ya kila sahani hayakuongezwa hata senti. Kilichobadilika ni utulivu wa mtu aliyeketi kushona. Nawaza mafundi cherehani wetu ambao tarehe 20 tayari wanadaiwa dukani, mwenye nyumba amebisha hodi, na marejesho ya “kausha damu”, mkopo wa riba kubwa, yanasubiriwa jioni hiyohiyo. Mikono iko kwenye kitambaa, mawazo yapo nyumbani, Mbagala. Fundi akikata vibaya tunamwita mzembe na kumwandikia barua ya onyo, wakati sehemu ya kosa hilo imeandikwa kwenye orodha ya mishahara.

Dawa yake ni mshahara wa kujikimu, yaani ule unaomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa staha kwa saa za kawaida za kazi, bila kutegemea saa za ziada. Hesabu yake huanzia sokoni: chakula chenye lishe, nyumba yenye staha, matibabu, shule, nauli, mavazi, na akiba kidogo ya dharura. Kima cha chini cha mshahara ni kitu kingine. Hicho hupangwa na serikali kwa kila sekta, na kazi yake ni kuweka sakafu. Amri ya mishahara ya sekta binafsi Tanzania iliyoanza Januari 1, 2026 imepandisha wastani wa kima hicho kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Ni hatua njema. Lakini mwajiri anayelipa kiwango cha sheria asidhani moja kwa moja kwamba amelipa kinachotosha kuishi. Aende sokoni akapige hesabu.

Tabia ya kumhesabia mfanyakazi tumbo moja ina historia. Katika Kenya ya kikoloni mishahara ya Waafrika ilipangwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera. Mke na watoto walitarajiwa kula kutoka shamba la kijijini. Watu wakija mjini, wakichoka, wakirudi kwao. Ilichukua migomo, ukiwamo mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka 1947, kabla ya kamati ya serikali kukiri mwaka 1954 kwamba bila mshahara wa kulisha familia hakuna nguvukazi tulivu wala ujuzi unaokua. Ukoloni uliondoka, ila hesabu ya kapera bado ipo kwenye ofisi nyingi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hesabu hiyo haimfaidi hata mwajiri. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Michigan, kiliajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Kazi ilichosha, watu wakaondoka kila siku, na kila mgeni alihitaji kufundishwa upya. Januari 5, 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, badala ya takriban dola 2.34 kwa saa 9. Utoro, uliokuwa unafikia asilimia 10, ulishuka sana, na kiwango cha kuacha kazi, kilichokuwa asilimia 370 mwaka 1913, kilifika asilimia 16 mwaka 1915. Baadaye Ford aliandika kwamba uamuzi huo ulikuwa miongoni mwa njia bora alizowahi kutumia kupunguza gharama. Hakuwa mtu wa kusifiwa kwa yote: alituma wakaguzi majumbani kuchunguza mienendo ya wafanyakazi kabla hawajastahili malipo hayo, jambo ambalo hakuna mwajiri anayepaswa kuliiga. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Huku kwetu gharama hiyo haionekani kwa sababu haina safu yake kwenye daftari. Kitambaa kilichoharibika kinaandikwa kama hasara ya malighafi. Mzigo ukichelewa, inalaumiwa barabara. Wiki ambazo fundi mpya anajifunza kazi hazihesabiwi kabisa.

Najua wapo waajiri wadogo ambao biashara zao haziwezi kufikia mshahara wa kujikimu mwaka huu. Hao waanze na lililo ndani ya uwezo wao: kulipa kwa tarehe bila kukosa, na kupanda hatua kwa hatua kwa ratiba ambayo wafanyakazi wanaijua. Wengine wote, kabla ya kusema hamwezi, fungueni daftari la mwaka jana. Hesabuni walioondoka, waliokosa kazini, na kazi iliyobidi irudiwe. Kisha linganisheni jumla hiyo na nyongeza mnayoiogopa.