MTOTO MWENYE UKURUTU ASIFUKUZWE



Katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, mama mmoja mchuma majani alikuja kwetu na mtoto mgongoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, na wenzake walikuwa wamekwisha kupima kikapu cha kwanza. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mashavu yake yalikuwa makavu na yenye magamba, na mikunjo ya viwiko na magoti ilikuwa imekunwa mpaka damu. Mlezi wa chumba cha watoto alikuwa amemkataa mlangoni, akisema ataambukiza wengine. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Asiyechuma halipwi.

Tulikwenda naye zahanati. Muuguzi alimkagua mtoto, kisha akakagua vidole vya mama. Akasema huo ni ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, na hauambukizi. Nilimwomba anieleze polepole, nikaandika katika daftari, kwa sababu najua mama yule hayuko peke yake.

Ukurutu ni nini?

Ni ngozi isiyoweza kushika maji yake vizuri. Hukauka, huwasha, mtoto hujikuna, na kujikuna huzidisha ugonjwa. Mara nyingi huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, na huonekana zaidi katika ukoo wenye pumu au mafua ya vumbi. Si uchafu wa mama, wala si kurogwa. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Mahali panapougua huwa peusi zaidi au pa kijivu, pamoja na vijipele vidogo. Watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Tusiuchanganye na upele. Upele huambukiza, huwasha sana usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja hujikuna pamoja. Huo una dawa yake, na nyumba nzima hutibiwa.

Kumtunza mtoto

Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi tu. Usimsugue kwa dodoki, wala usitumie sabuni ya kufulia au yenye manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa laini. Ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima. Mpake tena mchana na jioni, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaona nafuu, tunaacha, na ugonjwa unarudi.

Mkate kucha. Mvike nguo za pamba, zilizosuuzwa mpaka povu limekwisha. Mwepushe na moshi wa jiko. Na wewe unayetoka kupiga dawa shambani, baba au mama, vua nguo za kazi na unawe kabla ya kumpakata.

Usimnyime mayai, maziwa wala karanga kwa kubahatisha. Mtoto huyu anahitaji chakula ili akue. Mganga akiona chakula fulani kinamdhuru, atakuambia.

Jihadhari na krimu za dukani

Ngozi ikichachamaa, zahanati huweza kutoa krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ipakwe kidogo kwa siku chache. Lakini madukani kuna krimu kali, kama zenye klobetasoli, ambazo watu wazima huzinunua ili wawe weupe. Mtoto akipakwa hupona haraka, na mama hufurahi. Baadaye ngozi hukonda, na dawa ikiingia mwilini kwa wingi huweza kuzuia mtoto asikue. Usipake bila kuandikiwa.

Ukiona usaha, ukoko wa manjano au homa, nenda zahanati. Ukiona malengelenge mengi yenye maumivu pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kazi ya chama

Ndugu, mafuta pekee hayatoshi ikiwa mama hana nafasi ya kuyapaka. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Lakini ukurutu huendelea miaka. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 156, unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Maana yake ni kwamba kulea si sababu ya mtu kupoteza kazi.

Tulimpelekea msimamizi barua ya zahanati, na Jumatatu mtoto alipokelewa. Mlezi sasa humpaka mafuta saa sita mchana, na amekuwa rafiki yake. Lakini siku nne za mama hazikulipwa mpaka leo.

Kwa hiyo kila tawi lipeleke mambo matatu katika mazungumzo na mwajiri: mtoto asikataliwe kabla ya kuonwa na zahanati, pawepo maji safi katika chumba cha watoto, na mzazi anayempeleka mtoto kutibiwa asikatwe mshahara. Atakayekataliwa mtoto wake mlangoni asirudi nyumbani kimya. Aje kwanza kwa mwakilishi wake.

Umoja ni nguvu.