Sokoni Mgeni Asitozwe Kodi ya Ulimi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika masoko yetu ya Nakuru, hata hivyo, methali hiyo imepewa maana ambayo wahenga hawakuikusudia: mwenyeji huponea mfukoni mwa mgeni. Mtu afunguapo kinywa kuuliza bei ya fungu la nyanya, aghalabu muuzaji huisikiliza lafudhi kwanza, ndipo ataje bei.

Simzungumzii mtalii apitaye kwenda kutazama heroe wa Ziwa Nakuru. Namzungumzia mgeni aishiye nasi: mwanafunzi wa Sudan Kusini asomaye Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, mwalimu aliyetoka Uganda, familia ya Kikongo iliyopanga chumba mjini. Hao hununua unga, mafuta na sukuma wiki kila siku kama sisi. Shilingi 10 zikiongezwa juu ya kila fungu, mwisho wa mwezi huwa ni nauli ya mwanafunzi iliyopotea.

Naam, bei isiyoandikwa si hila kwa yenyewe. Mwenyeji anafahamu kwamba bei ya kwanza ni ya kufungulia maongezi. Yeye hushusha, muuzaji hupandisha, na hatimaye hupatana, pengine kwa nyongeza ya kitunguu kimoja au kishada cha dania. Mwenyeji pia huutazama mkebe wa gorogoro unaopimiwa mahindi, aone kama umebonyezwa kitako. Mgeni hana habari ya hayo. Aambiwapo bei, hudhani ameambiwa kweli yote.

Wala tusidhani kwamba dawa ni kujua Kiswahili tu. Mchukue Mtanzania, aliyelelewa kwa lugha hii tangu utotoni. Akiomba choroko, huenda asieleweke, kwa kuwa sisi huziita ndengu. Na kwao dengu ni nafaka nyingine kabisa. Njegere zake hapa ni minji, mbatata zake ni waru, na giligilani yake ndiyo hiyo dania. Akiambiwa alipe “mbao”, hatajua kwamba anadaiwa shilingi 20. Basi ikiwa mwenye lugha anageuzwa mgeni kwa neno moja, sembuse yule aliyejifunza Kiswahili kitabuni juzi?

Si ajabu kwamba wageni wengi hukimbilia maduka makubwa ya kujihudumia. Hapo bei imeandikwa rafuni, na haibagui lafudhi. Tena Nakuru ina historia katika jambo hilo. Nakumatt, iliyopata kuwa na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda kabla ya kufungwa mwaka 2020, ilianzia mjini humu kama duka la magodoro. Naivas na Tuskys nazo chimbuko lake ni Rongai, katika eneo hili hili letu. Lakini katika duka la namna hiyo mtu aweza kununua chakula cha juma zima bila kutamka neno. Mgeni ataokoa shilingi zake, na atakosa mwalimu. Miaka minne ya chuo itakwisha, naye atarudi kwao na Kiingereza alichokuja nacho.

Hapo ndipo ilipo hasara yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Sudan Kusini ikajiunga na Jumuiya mwaka 2016. Viongozi wetu hawachoki kusema kwamba Kiswahili ndicho kitakachotuunganisha. Lakini anayethubutu kukisema mbele ya kibanda cha mboga hutozwa zaidi ya yule anyamazaye dukani. Tukimtoza mtu kwa kujaribu, tunamfunza kunyamaza.

Muuzaji naye ana hoja zake, na ni haki zisikilizwe. Yeye hurauka alfajiri kwenda kununua kwa jumla soko la Wakulima, hulipa ushuru wa kaunti, na mboga zisipouzika leo kesho huwa ni taka. Akimwona mgeni, humdhania kuwa ana dola. Dhana hiyo mara nyingi haina msingi, kwani mkimbizi na mwanafunzi huhesabu senti kama mama mboga mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika kupatana kwa haki kila upande unayajua masharti ya mchezo. Pale ambapo mmoja anayajua na mwingine hayajui, hayo si mapatano. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na anachokinunua. Nayo haikusema mnunuzi huyo awe Mkenya.

Walimu wa Kiswahili, hususan wanaofunza wageni, wanaweza kuanza kesho. Wafunze majina ya nafaka ya hapa na ya Tanzania bega kwa bega. Wafunze “nipunguzie, mama” na “bei ya mwisho ni ngapi?” pamoja na ngeli za nomino. Nanyi wanafunzi wenyeji, mfuateni mwenzenu mgeni sokoni mara mbili tatu, mkae kando, mmwache aseme mwenyewe.

Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sokoni jembe ni lugha. Tumpe, kisha tumwache alime bila kumtoza.