Redio moja, nyumba nzima: somo la Mtae kwa mzazi mwenye simu

Mtae imekaa ukingoni mwa milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Ukisimama kijijini, upande mmoja unatazama tambarare za Mkomazi chini kabisa, na upande mwingine mabonde na mashamba ya Wasambaa. Mgeni hupanda huko kupiga picha. Mwenye redio hujifunza jambo lingine: mawimbi nayo yanaheshimu mlima.

Kwa miaka mingi, redio iliyosikika katika vijiji kama hivi ilikuwa moja, na ndani ya nyumba kifaa kilikuwa kimoja. Baba, mama, bibi na watoto walisikia sauti ileile kwa wakati uleule. Leo kila mtu ana simu yake, na mtoto akikosa yake anaazima ya mama na kuziba masikio kwa spika ndogo. Mzazi, tumepata uhuru wa kuchagua. Ni vizuri pia kujua tulichoacha.

Ilivyoanza

Mwaka 1951 kilianzishwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Serikali ikalichukua na likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu waliitaja kwa herufi tatu tu. Leo ni TBC Taifa, chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania.

Hadi Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, Tanzania Bara ilitegemea redio hiyo ya Serikali. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu na masomo ya shule vyote vilipita mlango mmoja. Ubaya wake ni kwamba habari ilikuwa na upande mmoja, upande wa Serikali na chama. Faida yake ni kwamba mtu wa Mtae na mtu wa Mtwara waliamka na jambo moja la kuzungumza.

Kwa nini ilifika mlimani

RTD ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi, na usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana wazee husema redio ilishika vizuri giza likiingia. FM ina sauti safi zaidi, lakini mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga, na mlima ukisimama mbele huyazuia. Katika nchi ya miinuko kama Usambara, nyumba iliyo juu ya kilima inaweza kupata kituo vizuri, na jirani aliye nyuma ya mteremko akaambulia mkwaruzo.

Nguvu ilikuwa kwenye mazungumzo

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu chenye mada ileile, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Redio ilianzisha neno, kikundi kikalimaliza kwa jembe.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, ukaja mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi. Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia na Dodoma, ambako kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika, na mazungumzo kati ya mume na mke yalikuwa sehemu ya sababu. Ni rahisi zaidi kumjadili Mkwaju kuliko kuanza kwa kumnyooshea kidole mwenzako.

Watoto nao walikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi. Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kisambaa, redio ilikuwa pia mwalimu wa Kiswahili kabla ya darasa la kwanza, kwa kuwa matangazo ya taifa yalikuwa kwa lugha hiyo. Jambo lililosikika kwa Kiswahili lilielezwa tena jikoni kwa Kisambaa, na mtoto akapata lugha mbili bila kulipiwa ada.

Mzazi afanye nini leo

Kwanza, chagueni kipindi kimoja kwa wiki cha kusikiliza pamoja kwa spika, bila vya masikioni. Kiwe cha habari, hadithi, afya au hata mpira.

Pili, kikiisha, uliza swali moja: “Wewe ungefanyaje?” Mwache mtoto ajibu kwanza. Ukikimbilia kutoa mawaidha, wiki ijayo atakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Tatu, mwombe bibi au babu aeleze habari hiyo kwa lugha ya nyumbani. Lugha isiyozungumziwa mambo mapya huzeeka pamoja na wazee.

Nne, angalia kama simu yako ina redio ya FM. Nyingi zenye redio hiyo huhitaji waya wa masikioni uchomekwe, kwa sababu ndio antena. Ukishachomeka, unaweza kurudisha sauti kwenye spika. Haili bando. Ukiwa mlimani, sogea dirishani au upande usiokingwa na mwinuko.

Tano, weka redio ndogo ya betri nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha, umeme ukikatika na simu ikiisha chaji, taarifa ya hali ya hewa bado itakufikia.

Redio ya taifa haikuwalea watoto wetu. Waliowalea ni wazazi waliokuwa wamekaa karibu nayo, wakasikia pamoja na watoto na wakajibu maswali yao. Kazi hiyo bado inatusubiri, hata kama kifaa kimebadilika.