Sifuri Katika Daftari la Maabara: Akili Mnemba na Uchunguzi wa Kichocho Kisiwani Pemba

Mtoto wa skuli apimwapo kichocho, mkojo wake hukusanywa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani huo ndio wakati ambapo mayai ya kimelea hutoka kwa wingi zaidi. Maabara, mililita 10 za mkojo huo husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio chembamba. Maji hupita, na mayai, kama yamo, hunaswa. Kisha kichujio huwekwa juu ya kioo, na mtaalamu akainamia hadubini yake akikipitia chote, mstari kwa mstari. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa takriban sehemu ya saba ya milimita, nalo hutambulika kwa mwiba mmoja ulio nchani mwake. Likionekana hata moja, mtoto hupewa dawa ya prazikwanteli. Lisipoonekana, huandikwa sifuri, na mtoto hurudi nyumbani.

Makala haya yanahusu sifuri hiyo, na kiasi tunachoweza kuiamini.

Wakazi wa Pemba wameujua ugonjwa huu kwa vizazi vingi. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na mayai yake huchoma kuta za kibofu hata mkojo ukatoka na damu. Asipotibiwa, mgonjwa huweza kuharibika figo. Wanawake hupata vidonda katika viungo vya uzazi. Na kwa wengine kichocho cha miaka mingi huandaa njia ya saratani ya kibofu. Tangu 2012 hadi 2017 shehia 90 za Unguja na Pemba zilishiriki katika utafiti mkubwa wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa dawa, kwa kuwaua konokono wanaoubeba na kwa elimu ya tabia. Kuanzia 2020 kazi iliendelea kaskazini mwa Pemba, katika wilaya za Micheweni na Wete, kwa ushirikiano na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Chake Chake. Maabara hiyo ilifunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitaliano. Katika upimaji wa mwanzo wa awamu hiyo, watoto waliokutwa na mayai walikuwa chini ya 2 katika kila 100.

Hayo ni mafanikio makubwa, lakini yamezaa tatizo jipya. Zamani mchunguzi aliona mayai karibu kila baada ya vioo vichache, na jicho lake lilikuwa macho. Sasa huweza kupitia makumi ya vioo asione kitu ila nyuzi, chembe za uchafu na fuwele za chumvi. Tena mgonjwa aliyebaki mara nyingi ana mayai machache mno, pengine moja au mawili katika kichujio kizima. Jicho lililochoka hulipita. Mtoto huyo akienda kuoga kijitoni na kukojoa humo, konokono wa maji baridi huambukizwa, na mzunguko ulioelekea kukatika huanza upya.

Hapa ndipo inapoingia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Hadubini yenye kamera hupiga picha za kioo chote. Kwa kompyuta, picha si umbo bali ni jedwali kubwa la namba, kila namba ikieleza mwanga wa nukta moja. Kompyuta haiambiwi kanuni ya yai lilivyo. Hufundishwa kama mtoto wa Pemba afundishwavyo kuchambua karafuu: hakuna ampaye rula wala maelezo, huwekwa mbele ya lundo, akakosea, akasahihishwa, hata mkono wake ukajua wenyewe lipi ni tumba la karafuu na lipi ni konyo. Programu nayo huoneshwa maelfu ya mayai yaliyokwisha kutiwa alama na wataalamu. Kila ikikosea, hurekebisha kidogo namba zake za ndani, mpaka makosa yapungue. Faida yake ni kwamba kioo cha mia tano huipitia kama ilivyopitia cha kwanza.

Jambo hili limejaribiwa ng'ambo ya bahari, katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Huko haikuwa kichocho bali minyoo ya tumbo, yaani safura, chango na minyoo mijeledi, ambayo Pemba nayo inaifahamu vyema. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichunguza vinyesi vya watoto zaidi ya 1,000 wa shule za msingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionesha kwamba programu ilipata mayai katika sampuli 79 ambazo wachunguzi wa hadubini walikuwa wameziandika kuwa hazina kitu. Kwa upande mwingine, ilipitwa na baadhi ya mayai ambayo binadamu aliyaona. Haikuwa jicho kamilifu; ilikuwa jicho la pili.

Walimu wa hisabati wanaweza kuifikisha hesabu ifuatayo darasani. Tuseme mashine inatambua wagonjwa 90 katika kila 100, na inawaachilia wazima 90 katika kila 100. Penye watoto 1,000, na 300 kati yao ni wagonjwa, itawaonesha wagonjwa 270, na kuwasingizia wazima 70. Anayeoneshwa kwa kawaida ni mgonjwa kweli. Sasa tupunguze wagonjwa wawe 10 tu. Mashine ile ile itawaonesha wagonjwa 9, na kuwasingizia wazima 99. Kati ya 108 waliooneshwa, ni mmoja tu katika kila 12 aliye mgonjwa. Mashine haikuharibika, kilichobadilika ni idadi ya wagonjwa. Ndiyo maana katika hali kama ya Pemba haifai kuachiwa neno la mwisho. Kazi yake ni kuchagua picha chache zenye shaka, na mtaalamu akazitazama yeye mwenyewe. Kutazama picha 108 akiwa na nguvu ni kazi nyepesi kuliko kupitia vioo 1,000.

Limebaki jambo moja ambalo huzungumzwa kidogo. Programu iliyofunzwa kwa vinyesi vya Kwale haiwezi kuhamishiwa mikojo ya Micheweni. Mayai ni mengine, uchafu ni mwingine, hata taa ya hadubini huweza kuipotosha. Picha za kuifunza zinapaswa kupatikana hapa hapa, zikiwa zimetiwa alama na wachunguzi wa hapa. Na kwa kuwa kila mwaka mzuri wa mapambano hupunguza mayai yanayoweza kupigwa picha, vioo vyenye mayai vinavyosomwa sasa vinafaa kupigwa picha na kuhifadhiwa kabla havijafutwa na kuoshwa.