Kutafuta chakula cha kwetu mjini Goma

Karibu sisi wote hapa Goma tulitoka mahali pengine: Masisi, Rutshuru, Butembo, Walikale, Bukavu, hata Kisangani. Kila mmoja alikuja na upishi wake. Lakini ukitoka na watoto kutafuta chakula cha nyumbani, resto nyingi zitakupa sahani ileile: mchele, maharagi, viazi vya kukaanga na kipande cha kuku. Majina kwenye vibao ni mengi, chakula ni kimoja.

Mimi sianzii kwenye kibao, naanzia sokoni. Pale Virunga, muulize mama anayeuza unga wa muhogo ni resto gani inanunua kwake. Muulize wa mawese pia. Wenyewe wanajua nani anapika kweli na nani anachanganya mafuta. Watu wa chukudu nao watakuonyesha mahali, lakini wao wanatafuta bugali kubwa kwanza, ladha baadaye, na siwalaumu.

Kwa sambaza, sikilizeni vizuri. Samaki hawa tunaowaita wa kwetu waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wanawavuta usiku kwa taa, na asubuhi wanashushwa Kituku. Basi sambaza nzuri ni ile iliyokaangwa siku hiyohiyo, kavu, inayovunjika mdomoni. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti sana, samaki wanapungua na bei inapanda. Resto inayokuambia siku hizo "leo hakuna sambaza", rudi kwake wiki inayofuata. Ile ambayo haikosi hata siku moja, uliza wanazitoa wapi.

Sombe, angalia kama imeiva. Majani ya muhogo yana sumu, nayo inatoka kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu. Mpishi mwenye haraka anajulikana: majani bado ya kijani kibichi, yanakwaruza koo. Usiwape watoto.

Fromage ya Masisi ni shida nyingine. Vita vimewaondoa wafugaji wengi na ng'ombe wameporwa, kwa hiyo usishangae ukikuta kipande kidogo kwa bei ya kikubwa. Onja kwanza.

Kwa nini nasumbuka hivi? Niliwaomba wanafunzi wangu waandike chakula cha kijiji cha bibi yao. Zaidi ya nusu waliandika mchele na kuku. Mtoto mmoja, aliyekaa muda mrefu kambini Bulengo, aliandika "unga wa msaada". Njia ya kwao imefungwa, bibi hajulikani aliko, na mama yake hana makala ya kuchemsha maharagi saa tatu. Kwa mtoto huyo sahani moja ya chakula cha kwao, hata mara moja kwa miezi miwili, ni somo ambalo mimi siwezi kulitoa ubaoni.

Basi ulizeni bei kabla ya kukaa, na angalieni maji ya kunawa yako wapi, kipindupindu hakijatuacha. Sahani moja kubwa inatosha watoto wawili, na mama mpishi mwema hakatai kuigawa.

Mwenye kujua mahali pa lituma ya ndizi, ile ya watu wa Kisangani, upande wa Ndosho, anijulishe kwenye mkutano wetu. Bado natafuta.