Stanley Park: Msitu Uliotengenezwa na Watu

Mamilioni ya watu huingia Stanley Park kila mwaka. Ni msitu wa takriban hekta 400 katika jiji la Vancouver, Kanada, uliopo juu ya rasi inayozungukwa na bahari karibu pande zote. Wengi hutoka humo wakiamini wameona ardhi ambayo binadamu hakuwahi kuigusa. Imani hiyo si ya kweli, na ina madhara, kwa kuwa inawafuta watu waliokuwa wakiishi hapo. Miti mingi mikubwa ilikuwa imeshakatwa magogo kabla pahali hapo hapajaitwa bustani. Rasi yenyewe ilinusurika kwa kuwa utawala wa kikoloni wa Waingereza uliitenga kwa ajili ya jeshi, ukihofia kushambuliwa na Wamarekani. Vancouver ilipopewa hadhi ya mji mwaka 1886, baraza lake jipya lilifanya haraka kuiomba serikali kuu eneo hilo liwe bustani ya umma. Miongoni mwa waliolisukuma wazo hilo alikuwa Arthur Wellington Ross, mbunge aliyekuwa pia mfanyabiashara wa ardhi, na inafaa kukumbuka kwamba ardhi ikipungua sokoni, viwanja vya jirani hupanda bei. Bustani ilifunguliwa Septemba 1888, ikapewa jina la Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada wakati huo.

Siku ya ufunguzi, rasi ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na kijiji cha Xwayxway, katika nchi ya Wasquamish, Wamusqueam na Watsleil-Waututh, na ushahidi wa ukale wake ulikuwa chini ya miguu: makombe yaliyotupwa baada ya mlo, kizazi baada ya kizazi, hadi yakawa tabaka nene ardhini. Wajenzi waliyafukua makombe hayo wakayatandaza kwenye barabara ya kuzunguka bustani. August Jack Khahtsahlano, aliyezaliwa katika eneo hilo, alisimulia baadaye jinsi wapimaji walivyokata pembe ya nyumba yao ili barabara ipite. Upande wa Brockton Point ziliishi familia za mabaharia na wavuvi wa kigeni, Wareno kwa Waskoti, waliooa wanawake wenyeji. Katika miaka ya 1920 familia hizo zilishtakiwa kama wavamizi. Zilitakiwa kuthibitisha makazi ya miaka 60 mfululizo, na mwaka 1925 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliupa mji ushindi. Nyumba zao nyingi zilichomwa moto mwaka 1931. Na ni katika miaka hiyohiyo ya 1920 ambapo nguzo ndefu za kuchongwa zililetwa kutoka vijiji vya mbali vya kaskazini na kusimamishwa bustanini, ili wageni waone utamaduni wa wenyeji. Mji uliwakaribisha wenyeji wa mbao huku ukiwafukuza wenyeji walio hai.

Wapo watakaosema kwamba bila hatua hizo rasi ingejaa maghorofa leo. Hoja hiyo ina uzito upande mmoja: ni kweli kwamba bila kutengwa, ardhi hiyo ingeuzwa. Lakini kilichotishia msitu kilikuwa biashara ya magogo na viwanja. Nyumba chache za wavuvi ufukweni hazikuwa tishio, na Tim Cummings, aliyeruhusiwa kubaki kwake Brockton Point hadi alipofariki mwaka 1958, hakuzuia bustani kupendwa na jiji zima. Wengine watasema sheria ilifuatwa. Ilifuatwa, ila ilikuwa sheria iliyomdai hati mtu ambaye wazee wake walikuwapo kabla ya ofisi yoyote ya ardhi, kisha ikautilia shaka ushahidi wa mdomo wa wazee hao. Wengine tena wanahofia kwamba kuyasema haya kutaichafua bustani. Mimi naona kinyume chake. Anayeamini msitu huu hujiendesha wenyewe hataelewa kwa nini jiji lilipaswa kupanda miti upya baada ya dhoruba ya Desemba 2006 kuangusha miti karibu 10,000, wala kwa nini mafundi waashi, wakiongozwa kwa miaka mingi na James Cunningham, walijenga tangu 1917 ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi, uliofunga mzunguko wake mwaka 1971. Bustani hii imetunzwa kwa jasho, na wanaoitunza wana haki ya kujua imetoka wapi.

Hatua zimeanza. Mwaka 2015 sanamu ya Luke Marston ilizinduliwa Brockton Point kumkumbuka babu yake wa kale, Mreno Joe Silvey, pamoja na wake zake wenyeji, na bodi ya bustani sasa hupanga mustakabali wa eneo hilo pamoja na mataifa yale matatu. Ni mwanzo mwema, lakini sanamu haitoshi: wenye rasi wanastahili sauti yenye nguvu ya kuamua, si ya kushauri tu.