Mushahara moja, feza za aina mbili

Wandugu wa promosioni, wengi wetu tumeoa, watoto wangali wadogo, na mu nyumba anaingiza feza muntu moja tu. Tukizungumuzia bajeti tunaanguka paka mu vitu vidogo: usinunue soda, punguza megabaiti. Mimi naona shida kubwa iko pengine. Hapa Lubumbashi wengi wanalipwa franga, lakini nyumba wanalipa dola.

Tufanye hesabu. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2 000, mwisho wa mwaka ilipita 2 600. Mwenye kupokea franga 1 000 000 alianza na dola 500, akamaliza na 385 hivi, na hakuna aliyemukata kitu. Nyumba ya dola 120 ilitoka franga 240 000 ikafika 312 000. Hizo 72 000 zilitoka mu chungu.

Njo sababu siku ya mushahara ninapita kwanza kwa kambiste. Nabadilisha feza ya nyumba na kidogo ya garanti, basi. (Sheria inasema garanti haipiti miezi 3; wenye nyumba wanajua wanachoomba.) Sibadilishi yote. Mu 2025 franga ilipata nguvu, na walioweka kila kitu kwa dola waliona dola inashuka, unga unabaki pale pale. Deni la dola nalitunzia dola, chakula nakitunzia franga.

Sasa unga, maana bukari haina namna ya kuikata. Beyi ya mahindi inashuka kisha mavuno, mwezi wa 5 mpaka wa 7, na inapanda mu mvua. Ukame wa Zambia wa 2024 ulituonyesha kwamba Kasumbalesa iko ndani ya sahani yetu. Kununua kwa meka kila siku kunakula feza kuliko mufuko, lakini mushahara moja hautoi feza ya mifuko kwa mara moja. Hapa likelemba inasaidia: bibi yangu anaomba zamu yake iangukie mwezi wa 6, tunanunua mahindi, tunasagisha kidogo kidogo. Makala vilevile, tunanunua mufuko mbele ya mvua.

Yeye pia ana diplome, kazi njo haijapatikana. Hesabu iko mu kaye moja na yeye njo anaandika. Kuna wanaume wanaficha bulletin ya mushahara, kisha wanalalamika bibi anaomba sana. Ataombaje kwa kipimo asichokijua?

Inabaki familia kubwa, na hapa hakuna hesabu nyepesi. Diplome yangu ililipwa na wajomba, na kuna wadogo waliobaki bila shule ili mimi nisome. Kuwaambia "sina" kila mara ni haya. Tunaweka kiasi kila mwezi. Kikiisha namwambia yaya angoje mwezi unaokuja, na jina lake linaandikwa la kwanza.

Bahasha ya ugonjwa haichanganywi na ile ya ndugu, hata kukiwa kilio. Na hiyo inakaa franga, tena mu nyumba: mtoto akishikwa na malaria usiku, wanaomba feza mbele ya kumupima, na saa ile kambiste amelala.